Ujazo na eneo la mcheduara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kanuni za mcheduara, yaani umbo kama la kopo, pipa au bomba, ni chache na zinaenea kwenye kiganja. Makosa yanayogharimu hela hutokea kabla hata ya kikokotoo kuwashwa: kipenyo kimechukuliwa kama nusukipenyo, tangi limepimwa nje badala ya ndani, au uso usiokuwepo umehesabiwa. Kwa hiyo majibu haya yanakaa zaidi kwenye vipimo kuliko kwenye kanuni.

Kanuni zenyewe ni zipi?

Chukua r kuwa nusukipenyo (rediasi), h kuwa kimo, na π kuwa pai, karibu 3.1416.

Eneo la kitako = πr²
Ujazo = πr²h
Eneo la ubavu = 2πrh
Eneo lote, juu na chini vikiwemo = 2πrh + 2πr², au kwa kufupisha 2πr(r + h)

Ujazo ni eneo la kitako mara kimo, basi. Ubavu nao, ukitaka kuuona, bandua karatasi iliyozungushiwa kopo la maziwa na uinyooshe mezani. Utapata mstatili ambao upande mmoja ni kimo cha kopo na upande wa pili ni mzingo wa duara, yaani 2πr. Anayeelewa hilo hana haja ya kukariri 2πrh.

Nimepima kutoka ukingo hadi ukingo. Niweke namba hiyo kwenye kanuni?

Hapana. Hicho ni kipenyo. Kigawe kwa 2 kwanza. Hili ndilo kosa linaloongoza, na madhara yake hayalingani kila mahali. Ukiweka kipenyo mahali pa nusukipenyo, ubavu unakuja mara mbili ya ukweli, lakini ujazo unakuja mara nne, kwa sababu r imezidishwa kwa yenyewe. Tangi la lita 2,000 linasomeka lita 8,000.

Kama unapendelea kufanya kazi na kipenyo moja kwa moja, tumia Ujazo = π × d² × h ÷ 4, d ikiwa kipenyo. Inatoa jibu lilelile, na kwa mtu anayepima vitu halisi ni salama zaidi, maana futikamba haisomi nusukipenyo.

Tangi limefungwa juu, sifiki katikati. Nitapataje kipenyo?

Zungushia futikamba au kamba isiyovutika upate mzingo, kisha gawa kwa 3.1416. Mzingo wa mita 3.77 ni kipenyo cha mita 1.20. Kama kimo ni mita 1.5, ujazo ni 3.1416 × 0.6 × 0.6 × 1.5 = mita za ujazo 1.696, sawa na lita 1,696.

Angalia mambo mawili. Kamba ikipanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, mzingo unasomeka mrefu kuliko ulivyo. Ilaze sawa pande zote. Tena, matangi ya plastiki yana mikunjo inayotokeza. Ukizungusha juu ya mikunjo umepima sehemu pana kabisa, na jibu litazidi. Pima kwenye bonde kati ya mikunjo, pima pia juu ya mkunjo, kisha chukua wastani.

Kama mdomo uko wazi, shikilia mwanzo wa futikamba kwenye ukingo mmoja na usogeze mkono wa pili kushoto na kulia mpaka upate namba kubwa kuliko zote. Hiyo ndiyo kipenyo. Kwenye duara la sentimita 120, futikamba ikipita sentimita 10 pembeni ya kitovu itasoma 118.3, na ujazo utapungua kwa karibu asilimia 3. Rudia kipimo ukivuka upande mwingine, kwa sababu mapipa yaliyogongwagongwa hayabaki kuwa duara.

Nitumie 22/7, 3.14 au kitufe cha π?

Kwenye mtihani, tumia swali linavyoagiza. Ukiona nusukipenyo ni 7, 14, 21 au 3.5, mtunzi alikuwa na 22/7 kichwani na hesabu itakatika vizuri. Nje ya mtihani tofauti ni ndogo mno: kwenye tangi la lita 10,000, 22/7 inazidisha lita 4 na 3.14 inapunguza lita 5. Linganisha na kukosea sentimita moja kwenye nusukipenyo cha sentimita 60, ambako ujazo unapotoka kwa zaidi ya asilimia 3, yaani zaidi ya lita 300 katika hizo 10,000. Wanaobishana kuhusu pai wangeenda kupima upya.

Nabadilishaje vipimo kuwa lita?

Mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Sentimita za ujazo 1,000 ni lita 1. Futi moja ya ujazo ni karibu lita 28.3.

Kabla ya kuzidisha, geuza kila kipimo kiwe cha aina moja. Ni rahisi kuandika nusukipenyo kwa sentimita na kimo kwa mita kwa sababu ndivyo tunavyotamka: "shimo la sentimita 60, kina mita 4." Ukizidisha hivyo hivyo, jibu halina maana yoyote. Na ukishapata jibu, kumbuka mita ya mraba ina sentimita za mraba 10,000, na mita ya ujazo ina sentimita za ujazo 1,000,000. Si 100.

Tahadhari kwa mafundi bomba: "inchi moja" ni jina la saizi, si kipenyo cha ndani. Na bomba la plastiki la milimita 110 lina milimita 110 kwa nje. Ndani hutegemea unene wa ukuta wake. Ukitaka kujua bomba linabeba maji kiasi gani, pima tundu.

Nipime ndani au nje?

Kwa ujazo wa kilichomo, ndani. Kwa rangi ya nje, nje. Kwenye tangi la bati tofauti haionekani, lakini kwenye tangi la zege au matofali ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Chukua tangi lenye kipenyo cha nje cha mita 2, kimo cha nje mita 2, ukuta na sakafu unene wa sentimita 15. Kwa vipimo vya nje unapata lita 6,283. Ndani, nusukipenyo ni 0.85 na kimo ni 1.85:

3.1416 × 0.85² × 1.85 = mita za ujazo 4.199

Theluthi moja imeliwa na ukuta. Halafu hayo yote hayatoki. Kama bomba la kutolea liko sentimita 10 juu ya sakafu, na la kupunguza maji yanayozidi liko sentimita 10 chini ya mdomo, kimo kinachofanya kazi ni mita 1.65 na maji utakayotumia kweli ni lita 3,745. Mteja aliyeahidiwa "tangi la lita elfu sita" ana haki ya kulalamika.

Kwa nini pipa la lita 200 linatoa zaidi ya 200 nikilikokotoa?

Kwa sababu 200 ni kiasi kinachokusudiwa kubebwa, si kiasi cha kufurika. Pipa la kawaida la chuma lina kipenyo cha ndani cha sentimita 57 hivi na kimo cha ndani cha 85 hivi, na hesabu inakupa kati ya lita 216 na 218. Nafasi ya juu huachwa ili kimiminika kipate pa kutanukia kikipata joto.

Kwa kazi ya kila siku, tafuta lita kwa kila sentimita moja ya kimo. Kwa pipa hili ni eneo la kitako, karibu sentimita za mraba 2,550, gawa kwa 1,000: lita 2.55. Chovya kijiti kikavu, soma sentimita zilizolowa, zidisha kwa 2.55. Ukitoa ndoo ya lita 20, maji yatashuka karibu sentimita 8. Yakishuka 10, ndoo yako ni kubwa kuliko unavyoambiwa.

Na ndoo nayo ni mcheduara?

Nyingi si micheduara. Zimepanuka juu ili zichomekane. Kwa umbo hilo, R ikiwa nusukipenyo cha juu na r cha chini:

Ujazo = πh ÷ 3 × (R² + Rr + r²)

Ndoo yenye kipenyo cha sentimita 30 juu, 24 chini na kimo 34 inabeba lita 19.5. Ukichukua wastani wa vipenyo, yaani 27, na kutumia kanuni ya mcheduara utapata lita 19.47, na hapo hakuna wa kugombana naye. Ukitumia kipenyo cha mdomo peke yake utapata lita 24, na huo sasa ni uongo.

Eneo: nihesabu nyuso ngapi?

Jiulize ni uso gani utakaoguswa na rangi, bati au lipu. Bomba lina ubavu tu. Sufuria bila mfuniko ina ubavu na kitako kimoja. Tangi lililofungwa lina ubavu na vitako viwili, lakini kama limekaa juu ya msingi hakuna atakayepaka chini yake. Neno "eneo la mcheduara" peke yake halitoshi kwa fundi.

Mfano: tangi la chuma lenye kipenyo cha mita 1.4 na kimo cha mita 2.

Ubavu: 2 × 22/7 × 0.7 × 2 = mita za mraba 8.8
Kitako kimoja: 22/7 × 0.49 = mita za mraba 1.54

Likipakwa ubavu na juu: 10.34. Kwa mikono miwili ya rangi ni 20.68. Kama kopo limeandikwa kuwa lita moja hufunika mita za mraba 10, unahitaji lita 2.1 kwa hesabu kavu. Chuma chenye kutu na mikwaruzo hunywa zaidi, kwa hiyo usinunue lita mbili ukategemea zitafika.

Nimekokotoa eneo, nimenunua bati la eneo hilohilo, halikutosha. Kwa nini?

Eneo ni la umbo lililokamilika. Bati linahitaji pia mikunjo na mabaki. Tuseme unatengeneza ndoo iliyonyooka, kipenyo sentimita 28, kimo 35, ambayo itabeba lita 21.56. Mzingo ni sentimita 88. Ukikata bati la sentimita 88 kamili, ncha zitagusana lakini hazitashikana. Kwa kunjo la kufungana, ongeza mara tatu ya upana wa kunjo: kunjo la milimita 6 linadai milimita 18, hivyo kata sentimita 89.8. Ongeza pia kwenye kimo, kwa ajili ya kukunja mdomo na kushika kitako.

Kitako nacho hukatwa kutoka kipande cha mraba. Duara kubwa kabisa linalotoka kwenye mraba linatumia asilimia 78.5 tu ya bati, asilimia 21.5 ni pembe nne zinazobaki. Ukiwa na vitako vingi vya kukata, panga duara za mstari wa pili ziingie kwenye mabonde ya mstari wa kwanza, utaokoa kiasi.

Saruji ya nguzo za duara nakadiriaje?

Nguzo 8, kipenyo sentimita 30, kimo mita 3. Nguzo moja: 3.1416 × 0.15² × 3 = mita za ujazo 0.212. Zote: 1.696.

Hiyo ni zege lililokwisha shindiliwa. Mchanga na kokoto vikiwa vikavu vina hewa katikati, ndiyo maana mafundi huzidisha kwa 1.54 hivi: 2.61. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) kuna sehemu saba, kila sehemu mita za ujazo 0.373. Saruji ni hiyo sehemu moja. Mfuko wa kilo 50 huchukua karibu lita 35, hivyo mifuko 10.7. Nunua 12, maana kuna inayomwagika na inayobaki kwenye toroli. Mchanga ni 0.75 na kokoto 1.49, mita za ujazo. Maji hayaingii kwenye hesabu ya sehemu saba.

Nguzo moja itakuwa na uzito wa zaidi ya kilo 500, kwa kuwa mita ya ujazo ya zege ni karibu kilo 2,400.

Na pete ya kisima au kalvati, ambayo iko wazi katikati?

Toa mcheduara wa ndani kwenye mcheduara wa nje, R ikiwa nusukipenyo cha nje na r cha ndani:

Ujazo = πh(R² − r²)

Pete yenye kipenyo cha ndani cha sentimita 90, ukuta wa 7.5 na kimo cha 90: R ni 52.5, r ni 45. R² − r² = 2,756.25 − 2,025 = 731.25. Ukizidisha kwa π na kwa 90 unapata sentimita za ujazo 206,756, au mita za ujazo 0.207 za zege. Uzito unakaribia kilo 500, kwa hiyo panga vifaa vya kuishushia kabla ya kuifyatua, si baada.

Kosa la hapa lina sura moja siku zote: mtu anatoa kwanza kisha anazidisha, yaani (R − r)². Anapata 56.25 badala ya 731.25, pungufu mara 13. Zege linaisha pete ikiwa haijafika hata robo.

Tangi limelala. Kijiti kinaonyesha robo ya kina. Je, ni robo ya mafuta?

Hapana, ni chini ya hapo. Tangi lililosimama hupanda sawasawa, lakini lililolala lina tumbo pana katikati na ncha nyembamba juu na chini. Nusu ya kina ni nusu ya ujazo. Kwingine kote, kijiti kisichosahihishwa kinadanganya:

kina asilimia 10, ujazo asilimia 5.2
kina asilimia 20, ujazo 14.2
kina asilimia 25, ujazo 19.6
kina asilimia 30, ujazo 25.2
kina asilimia 40, ujazo 37.4
kina asilimia 75, ujazo 80.4

Tangi la kipenyo cha mita 1.2 na urefu wa mita 3 linabeba lita 3,393 likijaa. Kijiti kikisoma sentimita 30, ndani mna lita 663, si 848. Tofauti ya lita 185 za dizeli si ndogo.

Kanuni kamili, k ikiwa kina cha kimiminika na L urefu wa tangi:

Ujazo = L × [r² × cos⁻¹((r − k)/r) − (r − k) × √(2rk − k²)]

Kikokotoo kiwe kwenye radiani. Kikiwa kwenye digrii utapata jibu kubwa la ajabu, na hiyo angalau inakushtua. Kama ncha za tangi zimebinuka nje badala ya kuwa bapa, kuna ujazo wa ziada ambao kanuni hii haiuoni. Kwa biashara ya mafuta, tumia kijiti kilichopimwa kwa tangi hilohilo kwa kumimina lita zinazojulikana.

Nataka tangi la lita 5,000 lenye kimo cha mita 2. Kipenyo kiwe ngapi?

Geuza kanuni: r = √(ujazo ÷ πh). Lita 5,000 ni mita za ujazo 5. 5 ÷ 6.2832 = 0.7958, kipeuo chake cha pili ni 0.892. Kipenyo ni mita 1.784. Usikimbilie kukadiria r kuwa 0.9 katikati ya hesabu, kwani hapo tayari umeongeza lita 89 bila kujua. Kadiria mwishoni, na kwa tangi kadiria kwenda juu: mita 1.80 ni kipimo ambacho fundi atakikumbuka.

Kwa lita zilezile, umbo gani linatumia bati kidogo?

Kwa tangi lililofungwa, kimo kiwe sawa na kipenyo. Kwa lisilo na mfuniko, kimo kiwe sawa na nusukipenyo. Tangi lililofungwa la lita 1,000 lenye kipenyo na kimo cha mita 1.084 lina eneo la mita za mraba 5.54. Lita hizohizo kwenye tangi jembamba la kipenyo cha mita 0.6 zinahitaji kimo cha mita 3.54 na mita za mraba 7.23 za bati, yaani asilimia 31 zaidi. Jembamba lina faida zake, hasa kama kiwanja ni kidogo, lakini upepo utalisukuma likiwa tupu.

Mcheduara ulioinama una ujazo tofauti?

Ujazo ni uleule πr²h, mradi h iwe kimo cha wima kutoka kitako hadi kitako, si urefu wa ubavu uliolala. Eneo la ubavu, hata hivyo, halifuati tena 2πrh.

Koni na tufe vinahusianaje nao?

Koni yenye kitako na kimo kilekile ni theluthi ya mcheduara. Tufe linaloenea barabara ndani ya mcheduara ni theluthi mbili zake, kwa ujazo na kwa eneo lote pia. Archimedes wa Syracuse, mwanahisabati Mgiriki wa kale, ndiye aliyethibitisha hilo la tufe, na alitaka umbo hilo lichorwe kaburini kwake; Cicero, mwandishi na mwanasiasa wa Roma ya kale, aliandika kwamba alilitambua kaburi hilo, likiwa limefunikwa na vichaka, kwa mchoro huohuo. Kwa fundi, theluthi ya koni inafaa pale tangi linapokuwa na kitako kilichochongoka: kokotoa mcheduara hadi pale ubavu unapoanza kupinda, kisha ongeza πr²k ÷ 3, ambapo k ni kimo cha sehemu iliyochongoka peke yake.